Kukata Tui Makusudi

Kwa wakwe zangu mwanamke husamehewa mengi. Akichelewa kuamka atasemwa kidogo, na yatapita. Akipenda kununua vitenge kuliko vyungu, watasema ni ujana. Lakini mwanamke anayekata tui, habari zake hufika Mbagala kabla sahani hazijaoshwa. Mimi nilikata tui mara ya kwanza kabisa kuwapikia, wiki chache baada ya harusi. Tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakutia mdomoni kitoweo chochote cha nazi kilichotoka kwenye chungu changu.

Kwa asiyejua, nieleze. Tui zito la nazi ukiliacha lichemke bila kulikoroga, linajitenga. Mafuta yanapanda juu, na chini yanabaki mabongemabonge kama maziwa yaliyoganda. Huko ndiko kukatika. Mpishi wa Pwani humpika samaki wake kwa tui jepesi kwanza, na akishaiva ndipo humimina lile zito, na hapo haondoki tena. Anachota kwa upawa, anamimina, anachota, anamimina, mpaka mchuzi utulie. Mgeni akibisha hodi atajibiwa kwa sauti tu. Mkono unabaki kazini.

Mimi nimezaliwa Newala, juu kule, ambako nazi ilipanda kutoka Pwani pamoja na watu, na bei yake ilipanda nayo. Chakula chetu kilikuwa cha karanga. Mama yangu alizitwanga, akazichekecha, akaziweka kwenye kisamvu, akaacha chungu kichemke taratibu huku yeye akifanya kazi nyingine. "Ukiona mafuta yanaelea, imeiva," alikuwa akisema. "Usipoyaona, unawalisha watu unga." Basi hiyo siku ya kuwapikia wakwe nililifanyia tui kama nilivyofundishwa kuzifanyia karanga. Niliweka, nikaacha, nikasubiri mafuta. Yalipoelea nilifurahi, nikamwita mume wangu aje aone.

Aliyekuja kuona ni shangazi yake. Akachungulia kwenye bakuli kubwa pale mkekani, akauliza mbele ya watu wote, "Mbona tui limekatika?"

Mama mkwe naye akachungulia. Halafu akamjibu kwa ile sauti ya upole tunayoitumia kwa wagonjwa, "Ndivyo anavyopika." Akalisogeza bakuli pembeni, akala wali wake kwa kachumbari.

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Nilipojifungua alihamia kwangu, akanikanda maji ya moto mpaka nikaomba huruma. Wanangu anawapenda kuliko alivyowahi kumpenda baba yao, na baba yao anajua. Chai yangu alikunywa na chapati zangu alisifia. Lakini nikipakua kitu cha nazi, sababu zilikuwa tayari. Amekula nyumbani. Tumbo leo halijatulia. Daktari kamkataza nazi. Wiki hiyohiyo ya katazo la daktari nilimkuta kwa wifi yangu, mbele ya pweza wa nazi, anaramba vidole. Akanikaribisha kwa moyo mkunjufu kabisa.

Na tatizo langu lenyewe nilikuwa nimeshalimaliza zamani. Nilijifunza. Tui langu likawa laini kama lake, majirani wakawa wanakuja kuuliza nimefanyaje. Haikusaidia kitu, maana kwake yeye nilikwisha andikwa. Iliniuma, nisidanganye. Nilitaka ale. Mtu asiyekula mkononi mwako anakukaribisha, anakubariki, anacheka nawe vizuri, lakini kuna mlango mmoja ameufunga, na wewe unaujua ulipo.

Nafanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya ufukweni. Kuna msimu alikuja pale mpishi wa kigeni, mwanamke kutoka Thailand, mfupi, wa umri wa mama yangu, mikono yote ina makovu ya moto. Siku moja nilipeleka aproni jikoni nikamkuta kaweka tui zito kwenye karai la moto. Tui peke yake, hakuna samaki, hakuna kitunguu, na yeye kasimama tu mikono kiunoni. Likaanza kutokota. Likaanza kujitenga. Nikaona aibu kwa niaba yake, kidogo ninyooshe mkono nimwokoe mtu wa watu. Mafuta yakaelea juu, na yule mama akatabasamu.

Akachukua viungo alivyokuwa amevitwanga, rangi ya kijani, akavitia kwenye yale mafuta. Harufu iliyotoka ilinifanya nishindwe kuondoka. Ilikuwa mchaichai, kitunguu saumu, pilipili, na kitu kingine nisichokijua. Aliponiona nimesimama na aproni zangu, akachota kijiko akanipa. Nikaonja, na nikamkumbuka mama yangu, ambaye hajawahi kuonja kitu kile hata siku moja. Kumbe duniani wapo watu wanaosubiri mafuta yaelee kwenye nazi, na hakuna anayewasema.

Baada ya hapo zile aproni zilipata bahati ya kufuliwa mara nyingi kuliko zilivyochafuka. Yeye Kiswahili hakujua na mimi lugha yake sikujua, ila mikono ilitosha. Alinionyesha kiasi cha pilipili, nikapunguza nusu kichwani. Alinionyesha namna ya kumtia samaki mwishoni, vipande vikubwa, asikorogwe, kitikiswe chungu tu. Alipoondoka kurudi kwao nilikuwa nimeshapata yote niliyoyataka.

Nyumbani kwetu ni Mbweni, kwenye nyumba ambayo bado haijaisha. Jikoni hakujapigwa plasta mpaka leo. Humo ndimo nilimojaribia. Mchaichai ninao ukutani nje, tunaupanda sote kwa ajili ya chai. Ndimu na majani yake nachuma kwa jirani. Ule mzizi wao unaofanana na tangawizi sikuupata, nikatia tangawizi yetu. Jani lao lenye harufu nililipatia mwenza, mrehani. Kitu pekee nilichonunua kwenye duka kubwa ni chupa ya maji ya samaki waliochachushwa, inayonuka mpaka unajiuliza kama umetapeliwa. Mara ya kwanza nilikosea pilipili. Mume wangu alikula, akavua shati, akaenda kukaa uani na jagi la maji. "Tamu," alisema kutoka kule. "Ila acha nipumzike kwanza." Mara ya tatu hakutoka nje.

Kisha mvua za masika zikaja, na bati la nyumba ya mama mkwe kule Chang'ombe likaanza kuvuja. Fundi akasema paa lote libadilishwe. Mume wangu akaenda kumchukua mama yake akae kwetu mpaka kazi iishe. Alishuka kwenye gari na begi la nguo, mto wake wa kulalia, kikapu chenye nazi zilizokwisha fuliwa makumbi, na mbuzi yake ya kukunia nazi kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na vitu vyangu, nisikupe kazi."

Nilielewa, na yeye alijua kwamba nimeelewa. Tukacheka wote wawili, nikampokea begi. Mbuzi hakuniachia.

Ikawa ndiyo hivyo. Nikirudi kazini nakuta ameshapika, tena kapikia nyumba nzima. Wanangu wanalamba sahani. Na ulikuwa mchuzi mtamu kweli, jambo lililozidi kuniudhi. Mume wangu alikula cha mama yake, akala na changu, akazunguka kati yetu kwa adabu kama refa anayeogopa mashabiki wa pande zote. Nikamwambia tukiwa chumbani, "Mama yako yuko ndani ya nyumba yangu, na bado hajala kwangu."

Akafikiri kidogo. "Tatizo ni kwamba kila unachompikia, yeye anakijua. Mpikie kitu asichokijua."

Sikutegemea busara kutoka upande ule, lakini nikaichukua.

Jumapili nikadamka kwenda kwa wavuvi Kunduchi, nikapata kolekole mzuri, macho yamemetameta. Nikarudi nikamkata, nikamtia ndimu na chumvi, kichwa nikakiacha kizima. Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa jiko. Aliona kinu kimetoka, akajua leo kuna jambo.

"Mchaichai huo? Kwani unapika chai?"

"Ni wa samaki, mama."

"Haya. Na hiyo mizizi ya giligilani? Majani yake yameisha?"

"Majani yapo, yanaingia mwisho."

Nikatwanga. Pilipili mbichi za kijani, mchaichai, tangawizi, kitunguu saumu, kitunguu maji, ile mizizi, na ganda la ndimu kidogo. Machozi yananitoka na mchi hauachi. Yeye anaangalia kila kinachoingia kinuni. Nikaitoa ile chupa. Akaomba aishike.

"Isije ikawa na pombe."

"Samaki na chumvi tu."

Akafungua, akanusa, akairudisha haraka. "Huyu samaki kafa zamani, mwanangu."

Halafu akaona fungu la mrehani pembeni ya sinia, na hapo ndipo aliposhindwa kujizuia. Kwao mrehani ni wa kutia kwenye kikuba, kile kishada cha maua, pamoja na asumini, mwanamke auvae, autandaze kitandani mumewe akirudi. "Na huo nao unaingia chunguni?"

"Unaingia, mama."

"Bibi we. Huyu samaki unampika au unamwoza?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Na mimi nikacheka, mchi ukanianguka. Pale nikasema moyoni kwamba leo mambo yanaweza kuwa mazuri.

Kisha akaniazima mbuzi yake. Sikumwomba. Aliisukuma tu kwa mguu ikanifikia, akatazama pembeni kana kwamba imesogea yenyewe. Nikakuna nazi moja, nikakamua tui zito, nikaliweka kando. Nikatia maji, nikakamua jepesi. Mpaka hapo hakuna alilosema, maana mpaka hapo nilikuwa ninafanya kama anavyofanya yeye.

Nikabandika chungu. Nikachukua tui zito, nikamimina.

Akakohoa. "Umekosea bakuli. Hilo zito."

"Ndiyo, mama. Naanza na zito."

"Kabla ya samaki?"

"Kabla ya samaki."

Tui likaanza kutokota, na mimi nikasimama mikono kiunoni kama nilivyomwona yule mpishi. Nikamtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Mkono wake wa kulia, pale mapajani, ulikuwa unachota na kumimina, unachota na kumimina. Hapakuwa na upawa wala chungu. Nadhani mwenyewe hakujua kama anafanya vile.

Hapo honi ikalia nje. Gari la maji. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu Alhamisi na nilikuwa nimepiga simu toka asubuhi, na dereva wa maji ukimkosa, hurudi tena anapotaka yeye. Mume wangu alikuwa ametoka. Nikapunguza moto.

"Mama, nakuomba, usiliguse. Liache hivyohivyo."

"Mie niguse ya nini?"

Nje dereva alikuwa na maelezo. "Sista, mpira haufiki kwenye simtanki lako. Labda nipitishe juu ya ukuta wa jirani." Nikamwambia jirani hataki mpira upite juu ya maua yake. Akasema basi aingize gari ndani. Nikamwambia ardhi imelowa, atazama. Tukabishana, akavuta mpira, mpira ukafika vizuri kabisa. Maji yakaanza kuingia, nikakimbia jikoni.

Mama mkwe alikuwa wima mbele ya jiko. Kanga kaifunga kiunoni, upawa mkononi, anachota na kumimina kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu afike. Tui jepesi lote alikuwa ameshalitia. Chunguni kulikuwa na mchuzi mweupe, laini, haujakatika hata kidogo. Aligeuka akanitazama kwa uso wa mtu aliyemtoa mtoto kisimani.

"Nimekuokolea," alisema kwa sauti ya chini, kama vile kuna watu sebuleni wasiotakiwa kusikia. "Lilikuwa linakatika. Usijali, simwambii mtu."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na kilichonikasirisha zaidi ni ule wema wake. Miaka yote ile alikuwa akinisitiri, na mimi nilikuwa nimechoka kusitiriwa.

"Mama, nilitaka likatike."

Upawa ukasimama. Sidhani kama katika ukoo ule kuna mkwe aliyewahi kutamka maneno hayo. Akanitazama kuanzia kichwani kushuka chini, akitafuta homa.

"Ulitaka?"

"Nilitaka. Chakula hiki bila kukata tui hakipikiki. Viungo vinakaangwa kwa mafuta ya nazi yenyewe, na mafuta hayatoki mpaka tui likatike." Nikaona nikishaanza nimalize. "Na siku ile ya kwanza sikuwa mzembe, mama. Kwetu tunapika karanga. Karanga unaziacha mpaka mafuta yaelee, ndiyo unajua zimeiva. Mama yangu alinifundisha hivyo, na nilikuwa nawapikia kama alivyonifundisha. Niliwapikia kwa heshima yote."

Nje maji yalikuwa yanaingia kwenye tangi kwa kelele. Mama mkwe akakaa kigodani, upawa bado mkononi, matone yanadondoka sakafuni. Nilianza kuogopa nilichokisema. Nikafikiria mume wangu akirudi akute mama yake kafunga begi.

"Mpaka mafuta yaelee," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mama yako naye hakuondoka pale chunguni?"

"Aliondoka. Alikwenda kuanua nguo, akarudi."

Akatikisa kichwa polepole. Sijui alikuwa anakataa au anashangaa. Kisha akajivuta akasimama, akaenda kwenye kikapu chake, akarudi na nazi nyingine. Akaivunja kwa mgongo wa kisu, maji yake akayanywa mwenyewe, akakaa juu ya mbuzi.

"Hicho chungu changu kisogeze pale," alisema huku anakuna. "Nitatia vipande viwili vya samaki, si cha kumwaga. Wewe bandika kingine. Haya, kata tukuone."

Kukata tui kwa bahati mbaya ni rahisi. Jaribu kulikata makusudi, mama mkwe kakukazia macho. Niliona kama halitakatika kamwe. Lilitokota, likatulia, likatokota. Mikono nimeiweka nyuma. Yeye mkono wake kaukalia kabisa, kaupitisha chini ya paja. Halafu duara dogo la mafuta likatokea ukingoni mwa chungu, likafuatiwa na jingine, na tui lote likajitenga mbele yetu.

"Limekatika," alisema kwa uchungu, kama anayetoa taarifa ya msiba.

"Limeiva, mama."

Nikatia viungo. Vikalia kwenye mafuta, harufu ikapanda, akapiga chafya mara mbili, akasogeza kigoda karibu. Nikakaanga mpaka rangi ikakolea, nikamimina tui jepesi, nikatia ile chupa tone kwa tone na sukari kidogo. Samaki akaingia, kichwa kikiwa juu. Nikatikisa chungu. Majani ya mndimu, giligilani, na mwisho mrehani. Alipoona mrehani unalala juu ya samaki akasema taratibu, "Bibi harusi huyo katoka."

Mezani kulikuwa na vyungu viwili, chake cheupe na changu cha kijani chenye duara za mafuta juu. Mume wangu alirudi, akaviona, akanitazama, akamtazama mama yake. Akachota huku, akachota kule, akavichanganya kwenye sahani moja ili asidaiwe na mtu. Watoto wakakimbilia chungu cha bibi, na sikuwalaumu.

Nilimpakulia mama mkwe wali, nikaiweka sahani mbele yake, nikaacha achague mwenyewe. Niliogopa hata kukaa. Akanawa. Akasema bismillahi. Mkono wake ukakipita chungu chake, ukafika kwenye changu, akajichotea mchuzi, akarudia, akachukua kichwa cha samaki. Alikimaliza kichwa kama anavyojua yeye, mifupa ikabaki misafi pembeni ya sahani. Jasho likamtoka juu ya mdomo kwa pilipili, akajifuta, akaendelea.

Nilikuwa nasubiri neno. Baada ya miaka yote hiyo nilidhani nitaambiwa neno. Akanisogezea sahani.

"Niongeze wali."

Nikaenda jikoni kuuchukua, nikasimama pale mbele ya ukuta usio na plasta nikalia kidogo. Niliporudi mume wangu akaniuliza macho yamefanya nini, nikamjibu ni pilipili.

Paa lilipokwisha alirudi Chang'ombe na mto wake na mbuzi yake. Nilifikiri hadithi imeishia hapo, na kwangu ingetosha. Kisha wifi yangu, anayekaa jirani naye, akanipigia simu siku moja mchana.

"Njoo huku nyumbani, mwenzio kaniharibia nazi ya tatu hii."

"Kaziharibuje?"

"Hazikatiki. Kaalika wageni, anataka kuwapikia chakula chako cha kijani. Tui halikatiki, na amekwisha kasirika."

Nilikwenda. Nilimkuta uani, chini ya bati jipya linalong'aa, mbele ya jiko la mkaa. Viungo vimetwangwa vizuri kuliko mimi ninavyotwanga. Mrehani umechambuliwa. Chunguni tui limetulia tuli, jeupe, laini, zuri kupita kiasi, na mkono wake ndani yake unachota na kumimina.

"Shikamoo, mama. Uache basi."

"Nauacha, unarudi," alisema kwa hasira. "Nimeukalia, nimeufunga na kanga. Nikisahau kidogo tu naukuta chunguni. Mkono huu ulifundishwa na marehemu mama yangu, mwanangu, haunisikilizi mie."

Nikavuta kigoda nikakaa kando yake. Nikamtoa upawa vidoleni, nikauweka mbali. Kisha nikauchukua ule mkono wake, nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikauweka mapajani pangu. Nikausikia unavuta, unataka kwenda. Nikaubana. Tukakaa hivyo, tunaangalia tui linatokota peke yake, mpaka ukatulia. Sijui ni muda gani. Wifi yangu anasema alitoka mara mbili kutuangalia, akaona hatufanyi chochote.

Mafuta yakaelea.

Wageni walipofika, wa kwanza kuusogelea mkeka alikuwa shangazi, yuleyule, sasa anatembelea mkongojo lakini macho yake bado yanaona mbali. Bakuli likawekwa katikati. Akainama, akachungulia, akainua uso, na nikajua linalokuja kabla halijatoka.

"Mbona tui limekatika?"

Nilifungua mdomo nieleze habari za Thailand, za mafuta na za viungo. Mama mkwe akaniwahi. Alikuwa ameshanawa, na tayari alikuwa na tonge mkononi.

"Ndivyo anavyopika," alisema. "Kaa ule."